Ng'ombe wa Bilinganya

Kosa lenyewe lilifanyika jikoni, na lilinukia vizuri. Mizue Takamori, mwimbaji na mtunzi, mjane, mwanamke ambaye mji mzima uliijua sauti yake bila kujua kwamba sauti hiyo haikuwahi kusimama peke yake, alimkata ng'ombe vipande vya mviringo, akamkaanga kwa mafuta ya ufuta, akampaka rojo ya maharage yaliyochachushwa, akamla mpaka akamaliza. Kisha akaosha sahani. Kisha akakaa sakafuni kama mtu aliyeiba.

Ngoja nieleze, maana naona kuna wasomaji walioshtuka. Ng'ombe huyo alikuwa bilinganya. Katika nchi ya Mizue, zinapofika siku za kiangazi za kuwapokea wafu nyumbani, watu hutengeneza wanyama wawili wa mboga. Tango huchomekwa vijiti vinne, likawa farasi. Bilinganya huchomekwa vijiti vinne, likawa ng'ombe. Farasi ni wa kumleta marehemu, aje mbio, kwa sababu wanaomsubiri hawana subira. Ng'ombe ni wa kumrudisha, aende polepole, apate kugeuka na kuwatazama watu wake mpaka kona imfiche. Kila mtu huko anajua hivyo. Anayeweka farasi bila ng'ombe ni sawa na anayemwalika mgeni kisha akaficha viatu vyake.

Mizue alijua pia, tena sana. Hebu tumsikilize kidogo kabla hatujamhukumu.

Mumewe, Kensaku, alikufa akibadilisha uzi wa gitaa. Alikuwa ameketi mkekani, koleo ndogo mkononi, akilalamika kwamba chai imepoa, na moyo wake ukasimama katikati ya lalamiko. Hata hakulimaliza. Gitaa likabaki pungufu ya uzi mmoja, na Mizue hakumruhusu mtu yeyote kuufunga. Kiangazi kilipofika alitengeneza farasi wa tango, shingo yake imepinda kidogo kama anayetega sikio, na pembeni yake akatengeneza ng'ombe. Alasiri ile ile Kensaku akatokea mlangoni, akavua kandambili, akaketi mahali pake pa zamani na kusema, "Chai hii imepoa."

"Nitakuchemshia nyingine, mume wangu," alisema Mizue, na hiyo ndiyo sentensi ngumu kuliko zote alizowahi kuzitamka.

Sherehe yote waliimba. Yeye sauti ya kwanza, Kensaku ya pili, kama walivyozoea kwenye majukwaa na kwenye sherehe za watu na katika treni zilizochelewa. Siku ya mwisho ikafika. Mizue alimtazama ng'ombe pale mezani, mnene, mweusi, ametulia, hana haraka na mtu. Akamchukia. Akang'oa vijiti vyake vinne, akavitia mfukoni, akawasha jiko.

Basi Kensaku hakuondoka. Hakuwa na cha kupanda.

Na kwa kuwa sherehe haikufungwa, alasiri nayo haikufungwa. Ndani ya nyumba ilibaki siku ile ile: jua limelala mkekani, nyenje wanapiga kelele kwenye miti ya uani, kijasho chembamba shingoni. Nje ya mlango dunia iliendelea na shughuli zake, majani yakapukutika, theluji ikaanguka. Mizue akawa mtu wa kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi na kurudi, kama anayevuka mpaka bila kuulizwa pasi. Nje nywele zake ziliota mvi. Akiingia ndani zilirudi kuwa nyeusi, lakini upande mmoja tu, upande aliokaa Kensaku. Mji ule haukuwa na jina, au ulikuwa nalo na watu wakalichoka, na katika mji wa namna hiyo mambo kama haya hayamshangazi mtu.

Hapo ndipo alipoanza kurekodi albamu yake.

Alirekodi katika nyumba ya zamani iliyowahi kufugiwa viwavi wa hariri, ghorofa ya juu, chini ya paa la nyasi nene. Viwavi walikwisha kufa zamani, hariri yao ikavaliwa na kuchakaa, lakini ukitulia kabisa uliwasikia bado wakitafuna majani, sauti kama ya manyunyu. Fundi wa sauti, Tokuda, aliyepiga besi na Kensaku wote wakiwa vijana, aliwaambia wageni kwamba huo ni mkwaruzo wa mkanda tu. Mwenyewe hakuamini alichowaambia.

Muziki wa Mizue ulikuwa nyimbo za kale za vijijini kwao zilizofungwa nira moja na roki: gitaa kavu mbele, kinanda cha mdomo kikilia nyuma yake, besi na ngoma zikisukuma kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Nyimbo zote za albamu hiyo zilikwenda mbio. Zilikuwa nyimbo za kuita. Njoo, njoo, mbona hujafika, njoo. Aliyezisikia alitaka kusimama na kwenda mahali, hata kama hajui wapi.

Asubuhi moja ya theluji Tokuda alizima mashine akaingia chumba cha kuimbia na kuketi kwenye kigoda.

"Mizue-san," alisema kwa ile heshima ambayo watu wa kule huibandika kwenye jina la mtu, hata rafiki wa miaka, "nikuulize kitu bila kukukwaza?"

"Niulize, Tokuda-san."

"Ukiimba unasogea pembeni. Unaiachia maikrofoni nusu. Halafu unanyamaza mahali ambapo wimbo haujanyamaza."

"Hapo anaimba Kensaku."

Tokuda hakucheka. Alirudisha mkanda nyuma, akauachia. Sauti ya Mizue ikajaa chumbani, nzuri, ina machozi, inakimbia. Kisha ikasogea kando kumpisha mtu, na palipopishwa hapakuwa na mtu. Pakapita upepo. Wale viwavi wakatafuna. Kisha sauti ikarudi katikati, imeridhika, kama mtu aliyejibiwa.

"Umemsikia?" aliuliza Mizue, macho yanang'aa.

"Nimesikia tundu."

"Mimi nimemsikia."

"Najua. Lakini mkanda haukumsikia, na watakaonunua santuri watasikia kile tu mkanda ulichosikia. Kila wimbo una tundu, Mizue-san. Albamu nzima inavuja." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Imba sauti zote mbili wewe. Ya kwanza, halafu nikurudishie mkanda uimbe ya pili juu yake. Unaijua. Hakuna mwingine anayeijua."

"Nikiimba ya pili mimi, yeye atasimama wapi?"

Tokuda akavaa miwani yake. "Nilimpenda na mimi, ujue."

Mizue alirudi nyumbani akikanyaga theluji kwa hasira, akafungua mlango, alasiri ikampokea.

Sasa nifike penye uchungu. Kensaku alikuwa anapungua. Alianza kwa kusahau vitu vidogo ambavyo hata walio hai husahau: jina la mto wa kwao, mahali palipowekwa mkasi. Kisha akasahau uso wa mama yake. Kisha maneno ya nyimbo, akawa anaziba mapengo kwa kuguna. Kila alichosahau Mizue alimkumbusha. Alikaa naye mkekani akamsimulia maisha yake, hivi ulikuwa unafanya, hivi ulikuwa unapenda, na yeye alitikisa kichwa kwa adabu na kupokea. Siku moja Kensaku aliomba supu ya figili, akainywa, akaisifu. Mizue akafurahi. Usiku wa furaha hiyo haukufika, kwa sababu katika nyumba ile usiku haukuwa unafika, lakini baadaye, akiosha bakuli, mikono ilimgandia ndani ya maji. Kensaku aliichukia supu ya figili maisha yake yote. Aliyeipenda ni Mizue.

Ndipo swali likamkaa kooni. Mtu anayekumbukwa na mtu mmoja tu, je, ni yeye bado? Au amegeuka nguo, imekatwa kwa kipimo cha yule anayemkumbuka, inatembea nyumbani, inaitika jina? Walio hai hutupinga. Hukataa supu. Hutuambia chai imepoa. Labda kuwepo ndiko huko, kuwa na neno la kumkatalia mwingine, na anayekubali kila tunachompa amekwisha kwenda hata kama ameketi mbele yetu. Mizue aliliwaza hilo akaliacha, akaliwaza tena. Na kama ni hivyo, alijiuliza, nani amenipa mimi mamlaka ya kumshika mtu mpaka aishe? Mfalme gani mimi? Nina ufalme gani zaidi ya chumba kimoja na mchana mmoja?

Alichukua gitaa lake mwenyewe. "Tuimbe," alisema.

Waliimba. Na Mizue, aliyekuwa amekula kiapo kwamba anamsikia, akamsikiliza kweli kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kile. Kensaku hakuwa anaimba sauti ya pili. Alikuwa anaimba ya kwanza. Ile ile ya Mizue, pumzi kwa pumzi, kupanda anapopanda, kushuka anaposhuka. Palipokuwa na watu wawili palikuwa na mmoja na mwangwi wake.

Akaacha kupiga. Naye akaacha, papo hapo.

— Sema kitu ambacho sikukufundisha.

— Kimoja tu. Nitukane.

— Sema chai imepoa. Tazama, imepoa kweli, nimeiacha ipoe makusudi, tangu asubuhi, kama kuna asubuhi.

— Sema basi.

Hayo Mizue aliyasema moyoni, au kwa sauti, hata yeye hakuwa na uhakika. Kensaku alikinywa kikombe chote, akakiweka chini kwa mikono miwili, akashukuru.

Siku iliyofuata, kama naweza kuiita siku, Mizue alirudi kutoka nje akaziona kandambili za Kensaku mlangoni. Zilikuwa zimepangwa pamoja, vidole vikitazama nje. Hivyo ndivyo mgeni anavyopanga viatu katika nyumba ya watu, ili akiaga asisumbue. Mwenye nyumba huvua akaingia. Kensaku katika ndoa yao yote alizitupa kandambili kama anayemrushia mbwa jiwe, na Mizue alizikwaa na kugomba, kila jioni, na alikuwa radhi sasa kuzikwaa mpaka avunjike mguu.

Kensaku alikuwa ameketi karibu na mlango, mahali pa mgeni, magoti yamekutana, mgongo umenyooka. Alipomwona Mizue, aliinama.

"Samahani, bibi," alisema. "Mimi si wa hapa. Nilikuja kwa shughuli fulani, nahisi nimepitiliza muda. Nimekuwa nikikaa kwako na sitaki kukuchosha. Nilikuwa na ng'ombe wa kunirudisha. Hujamwona?"

Mizue alisimama pale pale, theluji ikiyeyuka mabegani mwake.

"Nimemwona," alisema.

"Yuko mbali?"

"Nilimla."

Kensaku alifikiri. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomvunja Mizue moyo vipande vipande, kwamba hakukasirika. "Bila shaka ulikuwa na njaa," alisema kwa upole. "Pole sana, bibi."

Mizue alitoka mbio hata bila mwavuli, mpaka kwenye genge la mama Oshige pembeni ya daraja. Mama Oshige aliwauzia mboga watu wa mtaa ule tangu walipokuwa wakibebwa mgongoni, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake.

"Bilinganya," alisema Mizue akihema. "Moja tu. Hata lililosinyaa."

"Bilinganya? Na theluji hii? Mwanangu, una homa?" Mama Oshige alipangusa mikono kwenye aproni. "Bilinganya huja na kiangazi, na kiangazi hakiji. Mwaka huu tulikiruka, umesahau? Tulitoka kwenye baridi tukaingia kwenye baridi. Wakulima wanasema kile cha zamani hakijaondoka, kuna mtu amekifungia ndani."

Mizue alizitazama figili zilizopangwa gengeni.

"Mimi nauza mboga, siuzi lawama," aliendelea mama Oshige, sasa kwa sauti ya chini, akimtazama nywele zake, upande wa mvi na upande mweusi uliokuwa unageuka mvi. "Mume wangu nilimsindikiza mwenyewe. Ng'ombe nilimtengeneza mzito makusudi, akatembea ovyo, akasimama kila mahali. Mzee akageuka, akageuka, akageuka, mpaka nikamwambia haya nenda bwana, unanichelewesha. Nilikuwa nalia mpaka sioni, lakini aligeuka. Wewe wako bado anakujua?"

"Hapana, mama."

Mama Oshige akashika kifua. "Aa, mwanangu," alisema, "umechelewa." Alimfunika mabega kwa gunia tupu la viazi, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine, akarudi kwenye figili zake.

Mizue alitembea na gunia lake mabegani. Mkono ulikuwa mfukoni ukivigusa vijiti vinne. Miguu ya ng'ombe asiye na mwili. Aliwaza nyimbo zake zote, zinavyokwenda mbio, zinavyoita, njoo, njoo, na akaona alichokuwa akifanya muda wote. Alikuwa ametengeneza farasi tu. Albamu nzima ya farasi, mmoja nyuma ya mwingine, na Kensaku amekwisha kufika zamani na bado anaitwa. Ng'ombe hakuwahi kumtunga hata mmoja.

Akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya viwavi.

"Uzi wa gitaa," alimwambia Tokuda. "Ule wa sita. Unao?"

Tokuda alimtazama, akatazama gunia, akaleta uzi. Akaufunga yeye mwenyewe kwenye gitaa la Kensaku, lililokuwa limewekwa humo tangu kurekodi kulipoanza. Mizue aliweka vijiti vinne sakafuni mbele ya maikrofoni, vimesimama katika nyufa za mbao, havikubeba kitu.

"Wapigaji tuwaite?"

"Hapana. Huu unakwenda taratibu. Wataukimbiza."

Mkanda ukazunguka. Aliimba sauti ya kwanza katikati ya maikrofoni, bila kusogea, bila kumpisha mtu:

*Nenda kama wanavyokwenda walioshiba,*
*mguu mmoja, kisha mwingine, kisha upumzike.*
*Chai yako nimeimimina.*
*Imepoa. Nilijua itapoa. Nimeimimina.*

Wimbo ulipoisha Tokuda alirudisha mkanda nyuma. "Ya pili," alisema kwa kunong'ona.

Ili kuimba ya pili ilibidi Mizue amwache Kensaku wake na kumtafuta Kensaku mwenyewe. Alimtafuta. Akamkuta anachelewa kidogo kila mstari, kwa uvivu wala si kwa ufundi. Akamkuta anashusha mwisho wa neno kama anayelalamika. Akamkuta mahali fulani anakataa kabisa kumfuata, anakwenda zake chini wakati yeye anakwenda juu, na walikuwa wamegombana juu ya noti hiyo miaka na miaka, na Kensaku alikuwa sahihi. Akaiimba noti ile kama alivyoitaka Kensaku. Ilimuuma kooni kama mwiba wa samaki.

Juu ya vijiti vinne kikasimama kitu kinene, cheusi, kimetulia. Tokuda hakukiona. Mizue alikiona, akaendelea kuimba. Alikiona kikishuka ngazi kimya kimya, na kupitia dirishani akakiona kikitokea nje kwenye theluji, ambako Kensaku alikuwa akisubiri, amevaa kandambili zake, amesimama pembeni ya njia ili asimzuie mpita njia.

Akapanda. Akaitazama ile nyumba yenye dirisha, akainamisha kichwa kama mtu anavyoishukuru nyumba iliyompa malazi, na ng'ombe akaanza kuondoka. Alikwenda polepole mno. Alisimama kwenye daraja. Alisimama kwenye genge la mama Oshige, naye mama Oshige akaacha kisu. Alisimama tena kwenye kona, akasubiri, kwa sababu ng'ombe wa namna ile anajua kazi yake, naye hutoa nafasi yote ambayo mtu anaweza kuihitaji ili kugeuka.

Kensaku hakugeuka. Hakuwa na mtu wa kumgeukia.

Mizue aliimba mpaka mwisho, kwa kuwa mkanda ulikuwa ukizunguka, na noti ya mwisho ilikuwa ya Kensaku naye aliishikilia mpaka pumzi ikakatika.

Tokuda aliupiga wimbo kuanzia mwanzo. Sauti mbili zikatoka, zikagombana pale pale walipozoea kugombana. Mzee yule aliuziba uso kwa viganja. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye mwenyewe kabisa. Mizue-san, amerudi."

"Ndiyo," alisema Mizue.

Akajifunga gunia mabegani akaenda nyumbani. Theluji ilikuwa inalainika njiani na maji yanatiririka mferejini. Alifungua mlango. Ndani giza lilikuwa limeingia, nyenje wamenyamaza, na nywele zake hazikubadilika. Chai iliyobaki birikani ilikuwa pale mkekani alipoiacha. Aliigusa. Ilikuwa imepoa, na hakuna aliyelalamika.